Mkia wa Msafara na Lori la Magodoro

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe, kama nisingelijua goti la mpwa wangu tangu lilipokuwa goti la mtoto wa kutambaa, ningesema huyu mzee ameanza kuota mchana. Nawaomba jambo moja tu: someni mpaka mwisho ndipo mseme naongopa. Naandika nikiwa kwenye kona ya meza yake ya kupigia pasi, mahali pekee penye mwanga wa kutosha macho yangu, na kila akipita nyuma yangu na rundo la mashuka nafunika karatasi kwa kiganja, maana mwanamke huyu ana tabia mbaya ya kupenda ukweli.

Watu humwita Mama Pasi. Ana miaka hamsini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo imeishia katika chumba hiki cha dobi, amesimama. Chumba chenyewe ni kirefu kama behewa. Meza tano zimefunikwa mablanketi makuukuu yenye alama za kahawia za pasi zilizosahauliwa, bomba la mvuke linatema mate ukutani, na dirisha la nyuma limezibwa kadibodi mahali pa kioo kimoja. Mashuka ya hoteli yanaingia kulia, ya hospitali kushoto, na ole wake atakayeyachanganya. Mama Pasi hahesabu kwa macho. Kidole gumba chake kinapita ukingoni mwa mashuka yaliyokunjwa, huku mwenyewe anasimulia habari za mkwe wa jirani, na gumba likifika ishirini linasimama lenyewe kama punda aliyefika nyumbani. Fungu linafungwa kamba. Hajawahi kukosea, na hapo sitii chumvi.

Jambo la pili la kumjua nalo ni kwamba hutoka wa mwisho. Kabla hajatoka hugusa pasi zote kwa nyuma ya mkono, moja baada ya nyingine, ahakikishe zimepoa. Mwaka wake wa kwanza wa kazi alitoka bila kuzigusa, akakumbuka akiwa ameshavua viatu kwake, akavivaa tena na kurudi kwa miguu mwendo wa saa nzima. Akakuta pasi ya meza ya tatu imeshatoboa blanketi na inaanza kula ubao. Tangu siku hiyo hata ukimwambia umezigusa wewe atakushukuru, kisha atazigusa.

Ndiyo maana chama cha waendesha baiskeli kilipotafuta mkia hakikuhangaika. Mkia ni yule anayeendesha nyuma ya wote. Anabeba pampu, viraka, solusheni ya kuvibandikia na mnyororo wa akiba, na nyuma ya kiti chake kinafungwa kitambaa chekundu. Sheria yake ni moja: hampiti mtu. Ukisimama kujisaidia, naye anasimama kwa mbali akitazama mawingu. Ukilia, anasubiri umalize. Na jioni, mahali pa kulala, sufuria halifunuliwi mpaka kitambaa chekundu kiingie langoni, ili wale wenye mapaja ya chuma wakumbuke kuwa kuna watu nyuma yao. Miaka kumi na miwili Mama Pasi amekuwa mkia, na hajampita mtu wala hajapanda gari. Wenzake anawajua kwa visogo. Akikutana nao sokoni uso kwa uso huwazunguka kwanza ndipo awasalimie.

Mwaka huu safari ilikuwa ya siku tisa, na goti lake la kulia lilikuwa limeanza maneno tangu siku ya pili. Siku ya tano kitambaa kiliingia langoni giza limeshatanda, na watu walikuwa wamelila lile sufuria kwa macho kwa muda wa saa nzima. Asubuhi ya siku ya sita akaitwa pembeni na Mwalimu, mkuu wa msafara, mstaafu aliyefundisha michezo maisha yake yote na ambaye filimbi haimtoki mdomoni hata akiswaki. Si mtu mbaya. Alisema naye kwa upole, akiangalia tairi badala ya uso, kwamba watu ishirini na watatu hawawezi kushinda na njaa kwa sababu ya goti moja. Leo kitambaa kikiingia baada ya jua kuzama, kesho kitahamia kwenye baiskeli ya mwenzao Kinyozi, na yeye atamalizia safari kwenye gari la mizigo, karibu na dereva.

Dereva huyo, niwaambie mapema, ni mtu mchangamfu, msafi, mwenye hadithi nzuri za njiani. Ndiye mjomba wake, na gari ni la hilihili dobi. Lakini hata kampani kama hiyo Mama Pasi hakuitaka. Binti yake anaishi katika mji wa mwisho wa safari, na alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita. Walipoagana kwenye simu binti alimwambia, "Mama, ukija na gari nitakucheka mpaka mtoto aamke." Ulikuwa utani, ila Mama Pasi anaujua utani wa binti yake, kwa sababu ni wake mwenyewe, umehama tu mdomo. Akakaza fundo la kitambaa mara mbili, akapanda baiskeli.

Siku hiyo zilikuwa kilomita mia moja na kumi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wenye mapaja walishatoweka, na mbele yake, kama siku zote, akabaki Karani.

Karani alikaa ofisi moja, kiti kimoja, miaka thelathini na minne. Kile kiti, husema mwenyewe, kilikuwa na magurudumu lakini hakikuwa na vilima. Alipostaafu daktari alimwambia afanye mazoezi ama aandike wosia, naye akachagua baiskeli kwa kuwa ndilo zoezi pekee alilolijua la kukaa. Ni mtu mnene, mpole, mwenye taulo ya kijani shingoni, na kwa siku tano nzima Mama Pasi alikuwa hajaona kitu kingine mbele yake ila taulo ile ya kijani ikipanda na kushuka.

Upepo ulikuwa wa uso. Kama hujawahi kuendesha baiskeli dhidi ya upepo wa uso, basi chukua shuka la maji la kitanda kikubwa, lianike kwenye kamba, halafu ujaribu kupita katikati yake kutwa nzima. Lami ilikuwa imechanika na kuzibwa viraka, na kila kiraka kilipanda kwenye goti kikabisha hodi. Karani alisimama kunywa maji. Akasimama kukaza kamba ya kiatu. Akasimama kumtazama ng'ombe mmoja ambaye yeye alidai anafanana na bosi wake wa zamani. Kila akisimama, Mama Pasi naye alisimama hatua ishirini nyuma, mguu mmoja chini, na kila akianza tena goti lilimwambia lilidhani wameshafika.

Kufikia saa nne walikuwa wamesimama mara tisa. Karani akageuza shingo, uso umemwiva.

"Nipite tu, dada. Mimi niache hapa nife taratibu."

"Simpiti mtu."

"Basi nisukume kidogo."

"Wala sisukumi. Nenda, kaka, jua halitungoji."

Akaenda, maskini, akihema kama bomba la pale ukutani, na katikati ya kuhema akamweleza kwamba daktari amemkataza habari za ghafla, kwamba moyo wake si wa kuaminiwa, kwamba baba yake naye aliondoka hivihivi, ameinama kuokota kofia, akawa hakuinuka. Mama Pasi akasikiliza yote. Akayaweka moyoni.

Saa tano na nusu wakafika chini ya kilima. Kilima hiki ndicho chenye habari yangu yote. Nasema kina kilomita kumi na moja. Mwenyewe atawaambia ni sita za kupanda, na tano zilizobaki ni za kushuka upande wa pili, kana kwamba kushuka si kilima. Tuyaache hayo. Mita mia hazijaisha, tairi lake la nyuma likalegea, likalala. Pancha. Akampigia Karani kelele atangulie, yeye atamkuta, maana kwa mwendo ule hata angeziba pancha tatu angemkuta. Taulo ya kijani ikakata kona, ikapotea.

Akapindua baiskeli, akatoa mpira wa ndani, akashuka mtaroni palipokuwa na maji machache ya matope kutafuta tundu. Alikuwa ameinama hivyo, anasubiri povu lijitokeze, lori likapita kule barabarani limepakia magodoro mpaka juu, yamefungwa kamba lakini bado yanatikisika kwa ulaini. Mama Pasi akainua kichwa akayatazama magodoro yale, akayasindikiza kwa macho mpaka konani. Ananiambia hajawahi kutamani kitu maishani mwake kama alivyotamani lile la juu kabisa, lenye maua ya bluu. Kisha povu likatoka, akarudi kwenye tundu lake.

Kiraka kilikataa mara ya kwanza, kikakubali ya pili. Akapanda baiskeli, akakikabili kilima akitazamia kumkuta Karani kwenye kona ya kwanza. Hakuwepo. Kona ya pili, hakuwepo. Akajisemea: mwanaume kaamua leo, ameona aibu ya kuongozana na mwanamke. Akafurahi kwa ajili yake, akajikaza kisabuni, akapanda macho yako kwenye kona za mbele, hayatazami majani ya pembeni. Kileleni hakumwona. Akashuka ule upande wa pili upepo ukimtoa machozi, bado anafurahi.

Huko chini, kilomita ishirini na moja kabla ya mahali pa kulala, kuna mizani ya zamani ya malori iliyofungwa, na hapo ndipo palikuwa kituo cha mwisho cha siku. Chama kina desturi yake. Kila anayepita kituo anaweka kokoto moja juu ya ukuta, na mkia akifika anazihesabu, kisha anazifagia chini kwa mkono, kuonyesha kuwa nyuma yake hakuna tena mtu. Mama Pasi akaegemeza baiskeli, akapitisha gumba juu ya kokoto. Gumba likasimama ishirini, akaongeza moja, akaongeza moja, ukuta ukaisha.

Ishirini na mbili.

Akahesabu tena, macho amefumba. Ishirini na mbili. Akatazama chini, labda imedondoka. Chini palikuwa na kokoto milioni, hakuna iliyojieleza.

Akaketi kwenye bamba la mizani. Ilikuwa saa nane. Alichokiona kichwani ni jambo ambalo kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kulifanya: amempita mtu. Karani hayupo mbele, basi yuko nyuma. Na kama yuko nyuma na yeye hakumwona, basi hayupo barabarani. Yuko mtaroni. Amejiinamia mahali, kofia mkononi, kama baba yake.

Akatoa simu. Mwalimu huizima ya kwake tangu asubuhi ili mkewe asimwulize amekula nini. Akampigia dereva wa gari la mizigo, simu ikaita, ikaita, ikajichokea. Dereva wakati ule alikuwa chini ya gari akikagua ekseli, amelala chali, macho ameyafumba ili aisikie vizuri. Simu ilikuwa kwenye kabati la mbele. Hayo yamekwisha, tumeshasameheana, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Basi mwanamke yule akakaa kadiri ya muda wa kula biskuti moja. Hesabu ilikuwa rahisi kuliko ya mashuka. Akienda mbele sasa hivi, saa kumi yuko langoni, jua bado liko juu, kitambaa ni chake, na siku ya tisa anagonga mlango wa binti yake jasho likimtiririka kwa fahari. Akirudi nyuma, kilima kinamla, na jua halina mjomba wa kumbembeleza. Wala hakuna ambaye angemlaumu. Angesema, "Sikumwona," na ungekuwa ukweli mtupu.

Biskuti ikaisha. Akaziacha kokoto pale pale ukutani, hakuzifagia, akageuza baiskeli.

Kupanda kilima ukiwa umetoka kukishuka ni dharau ambayo mtu hajitakii. Kila mti uliompita mbio muda mfupi uliopita sasa ulisimama ukamwangalia. Alipanda kwa mafungu: pedeli ishirini, fungu moja, anafunga kamba kichwani, anaanza jingine. Kila baada ya mafungu matatu alisimama kuchungulia mtaro na kuita. "Kaka Karani!" Akaona kiatu kimoja cha zamani, gurudumu la mkokoteni, mbuzi aliyekasirika. Jasho lilikuwa limeshaacha kumtoka. Chumvi tu ilibaki, imemchora usoni kama mtu aliyelia na kukauka. Kwenye usukani vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi. Goti halikusema tena. Na mtu mwenye maneno akinyamaza, ndipo uogope.

Akavuka kilele, akaanza kuteremka ule upande wa asubuhi pole pole, breki zikilia. Kama kilomita tatu chini, kwenye majani ya pembeni, akaiona: taulo ya kijani, imetandazika, hakuna shingo.

Akaiangusha baiskeli, akashuka mtaroni kwa makalio, akatafuta vichakani kwa mikono. Hakuna mtu. Kumbe upande wa pili wa barabara alikuwepo mfyekaji wa majani, amekaa kivulini ananoa panga lake, amemtazama muda wote huo kwa utulivu wa mtu asiyelipwa kwa maswali. Mama Pasi akamwuliza kama ameona mwanaume mnene mwenye baiskeli, pengine ameanguka.

"Yule bwana wa kofia nyeupe?" akasema mfyekaji. "Hajaanguka. Walimpakia. Kwanza baiskeli, halafu yeye, na yeye walihitajika watu watatu. Alilala juu ya magodoro, akanipungia mkono kama mheshimiwa."

Mama Pasi akamwomba arudie. Akarudia, akaongeza kwamba godoro lilikuwa la maua ya bluu.

Alitaka kucheka, kicheko kikamkwama mbavuni. Alitaka kukasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu. Akaichukua ile taulo, akaikung'uta, akaikunja mara nne pembe kwa pembe kama ya hoteli, akaitia mkobani. Mfyekaji akamwuliza kama ni mume wake. Akajibu kuwa hapana, ni mgongo tu anaoufuata.

Kisha akageuka. Kilomita tatu za kupanda, kupanda kwa tatu katika siku hiyo kama unahesabu vipande, nami nawaambia hesabuni. Mahali fulani karibu na kilele alishuka akaikokota, na si kwa kushindwa, anasema, ila kwa kuwapa mapaja nafasi ya kubadilishana zamu na makalio. Alipopita tena kwenye mizani ilikuwa saa kumi na nusu. Zile kokoto ishirini na mbili zilikuwa zinamngoja ukutani. Akazifagia.

Kilomita ishirini na moja zilizobaki sina la kuzisimulia, kwa sababu yeye mwenyewe hazikumbuki. Anakumbuka upepo. Anakumbuka kwamba alihesabu mafungu mpaka mia na kitu, akasahau, akaanza upya, na kwamba katikati ya kuhesabu alikuwa anabishana na binti yake hewani, anamwambia cheka basi, mwamshe mtoto, nimwone nikiwa nimekaa kitako. Anakumbuka kivuli chake kikirefuka pembeni mpaka kikawa cha mtu mwembamba sana, akakionea wivu. Mara moja aligundua kuwa amelala. Baiskeli ilikuwa imeshuka kwenye vumbi la kando na inaendelea na safari bila yeye. Akarudi barabarani, akamwomba radhi mtu ambaye hakuwepo.

Huku nyuma, au tuseme huku mbele, mahali pa kulala palikuwa shule iliyofungwa kwa likizo. Madawati yalikuwa yamepangwa ukutani, mikeka imetandikwa sakafuni, ubaoni bado kuna hesabu ya kugawanya ambayo hakuna aliyeimaliza. Karani alishushwa na lile lori mapema sana, kabla ya mtu yeyote, akajificha nyuma ya vyoo. Akahesabu wenzake wakiingia. Walipofika kumi na watano akajimwagia chupa ya maji kichwani, akatokeza langoni anachechemea. Mwalimu akapiga filimbi. Watu wakampigia makofi, Karani wa mwisho siku zote, leo wa kumi na sita! Akaletewa beseni la kulowekea miguu. Akakaa na makofi yale kifuani, na kila dakika iliyopita bila kitambaa chekundu langoni, maji ya beseni yakawa yanapoa na yeye anazidi kuyaangalia.

Mama Pasi aliingia langoni akiwa hana tofauti na shuka lililotoka kukamuliwa. Mwalimu alikuwa amesimama hapo na saa yake. Akaitoa filimbi mdomoni, jambo lililoonyesha uzito, akamwambia kwamba jua limezama dakika nane zilizopita.

Alishuka, goti likakataa kukunjuka, akauchukua mguu kwa mikono akauweka chini kama wa mtu mwingine. Kisha, badala ya kukaa, akaenda ukutani zilipoegemezwa baiskeli, akapita akigusa viti, kimoja kimoja, kwa nyuma ya mkono. Ishirini na vitatu. Vyote vimepoa. Kile cha mwisho, kipana, chenye sponji, akakiwekea juu yake taulo ya kijani iliyokunjwa mara nne. Akarudi kwenye baiskeli yake, akapiga magoti yote mawili, la maneno na lisilo na maneno, akaanza kufungua fundo la kitambaa. Lilikuwa fundo la kukazwa mara mbili, lililolowa likakauka. Vidole havikuwa na habari nalo. Akalishika kwa meno.

Karani akaiona taulo. Akasimama ndani ya beseni.

"Mwalimu, mwambie aache hilo fundo."

Mwalimu akamwambia akae, ni sheria, ilishazungumzwa asubuhi.

"Mimi nimekuja na lori," akasema Karani.

Akaeleza yote, amesimama majini, bila kuficha hata vile vyoo. Alisema hakuwaza, aliona tu magodoro yamesimama konani, dereva anajisaidia, na mwili ukaamua wenyewe. Alidhani Mama Pasi akiona barabara tupu mbele yake atashukuru Mungu na kukaza mwendo.

"Sikujua kama utarudi, dada."

Mama Pasi akatoa meno kwenye kitambaa. "Ningeendeleaje? Kokoto yako haikuwepo."

Mwalimu akauliza amerudi mpaka wapi. Akaambiwa: mpaka kwenye taulo. Taulo ilikuwa wapi? Kilomita tatu chini ya kilele, upande wa asubuhi. Mwalimu akahesabu kwa vidole, midomo inacheza, vidole vikamwishia akaanza tena na mkono wa kwanza. Halafu mzee yule akachuchumaa chini, akamtoa Mama Pasi mikono kwenye fundo, akalikaza yeye mwenyewe mara ya tatu.

"Kesho mkia ni huyuhuyu," akasema. "Jua lizame, lisizame."

Karani akasema yeye ndiye apande gari kesho, adhabu anaistahili. Mama Pasi akatikisa kichwa kidogo, kwa kuwa kukitikisa sana kungemwangusha.

"Aa, apande baiskeli, na aende mbele yangu. Mgongo wake nimeshauzoea."

Na hapo ndipo yalipotokea yale niliyosema hamtayaamini. Watu ishirini na watatu, hoi kama walivyokuwa, wakainuka kwa pamoja. Kinyozi akalia machozi ya kulowesha shati. Wakambeba Mama Pasi mabegani, wakamzungusha uwanja wa shule mara saba wakipiga kengele za baiskeli, mpaka majirani wakatoka wakidhani kuna harusi. Mwalimu akamvisha filimbi shingoni. Na sufuria lilipofunuliwa mpwa wangu akalikataa, akasema damu bado imechemka, akarukia baiskeli aende kukipanda kile kilima mara ya nne, na mimi mjomba wake, niliyekuwa nimesimama mbele kabisa ya watu wote nikishuhudia kwa macho yangu haya mawili, nikaushika usukani nikamwambia mwanangu, sasa inato—

"Mjomba, toa mkono hapo nisome. Mimi nililala palepale langoni, kofia ngumu kichwani. Na wewe walikutoa chini ya gari ukiwa bado unakoroma."